TAHLISO ni ya nani jamani? Tuongee kidogo

Bumu, ile hela ya kujikimu anayopewa mwanafunzi kwenye mkopo wa chuo, lilipopanda kutoka shilingi 8,500 kwenda 10,000 kwa siku, ule mwaka wa masomo 2022/23, vyuo vizima vilishangilia. Stetasi zilijaa, watu wakapiga hesabu ya siku 60 zinazolipwa kwa mkupuo mmoja wakaona laki sita badala ya ile laki tano na kumi tuliyoizoea mpaka ikawa kama jina la pili la bumu. Na mimi nilifurahi sana japo nilishamaliza chuo na sasa hivi niko upande wa kukatwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi inarudi Bodi ya Mikopo na sina kinyongo nayo, maana bila ule mkopo mimi chuo kikuu ningekisikia redioni tu. Ila kuna kitu kilinikaa kichwani siku zile na hakijatoka mpaka leo: kwenye shangwe zote zile sikusikia mwanafunzi hata mmoja akiuliza nani alienda kuomba hiyo nyongeza, aliomba shilingi ngapi, alikwenda na hesabu gani mkononi, na alipotajiwa elfu kumi alijibu nini.

Watu walimshukuru Rais, sawa, ni haki yake kushukuriwa. Lakini sisi tuna chombo chetu cha kitaifa ambacho kazi yake hasa ndo hiyo, kwenda kuongea kwa niaba ya wanafunzi wote wa elimu ya juu nchi hii, na wanafunzi wengi ninaoongea nao hawajui kama kipo, au wanajua jina basi. TAHLISO. Jumuiya ya Wanafunzi wa Taasisi za Elimu ya Juu Tanzania. Naomba leo niiongelee kwa urefu kidogo maana naipenda na inaniuma kwa pamoja.

Kwanza tuwekane sawa hapa. Wewe mwanafunzi mmoja mmoja sio mwanachama wa TAHLISO. Mwanachama ni serikali ya wanafunzi ya chuo chako, yaani DARUSO ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, UDOSO ya Dodoma, SUASO ya Sokoine Morogoro, na nyingine zote za vyuo vikubwa na vidogo, vya serikali na vya binafsi. Prezidaa wako, yaani rais wa serikali ya wanafunzi uliyempigia kura baada ya zile kampeni za usiku na mabango yaliyobandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo, yeye na wajumbe wenzake ndo wanaenda kwenye mkutano wa kitaifa na huko ndo viongozi wa kitaifa wanapatikana. Kwa hiyo kura yako inafika kule juu ila inafika ikiwa imebebwa na mtu mwingine. Ukimchagua prezidaa kwa sababu anapendeza kwenye suti na anajua kuchekesha kwenye mdahalo, ujue huyo huyo umemtuma akakuchagulie mtu wa kukaa meza moja na waziri wa elimu.

Umuhimu wa chombo cha kitaifa mimi sikuusoma kwenye katiba, niliuona kwa macho yangu nilipokuwa waziri wa mikopo kwenye serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja kanda ya ziwa, chuo sikitaji. Waliopita chuo wanajua uwaziri wa mikopo ni nini. Huna gari, huna ofisi ya maana, una meza moja mnagawana na waziri wa michezo, na bumu likichelewa hata siku mbili simu yako inaanza kuita kuanzia alfajiri. Majina yakitoka yanabandikwa ubaoni, watu wanajazana pale na tochi za simu, kila mmoja anatembeza kidole kwenye karatasi akitafuta namba yake ya kidato cha nne, ile inayoanza na S, kisha namba ya shule, namba ya mtihani na mwaka. Hiyo namba ndo inakutambulisha kwenye mkopo, jina lako linaweza kufanana na la mtu mwingine ila namba haifanani.

Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, katoka mbali kule Kigoma, kila majina yakitoka yeye hayumo. Akanifuata, "Mheshimiwa samahani, jina langu halipo tena." Nikamwambia tulia tutalifuatilia. Tukaenda ofisi ya kwanza tukaambiwa tatizo sio letu, nendeni ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikasema sisi tunalipa kwa orodha tunayoletewa, rudini kule kule. Yule binti akawa anapiga pasi ndefu, anakula mara moja kwa siku saa kumi jioni ili alale nayo, wali maharage wa kukopa kwa mama mmoja nje ya geti ambaye Mungu ambariki alikuwa anaandika kwenye daftari na hakuwahi kumsema mbele za watu. Mwishowe tukakaa na karatasi zote mbili, ya chuo na ya mkopo, tukazilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Mwaka wa mtihani ulikuwa umekosewa. Namba moja tu, nane imeandikwa tisa, na kwa hiyo namba moja mtu anashinda njaa muhula mzima na hakuna wa kumwambia pole.

Sasa sikia sehemu yenyewe. Kwenye gurupu la WhatsApp la mawaziri wa mikopo wa vyuo mbalimbali nikaandika hiyo habari, nikiamini ni mkosi wa mtu wetu mmoja, na jioni ile ile wenzangu wa vyuo vingine wakaanza kujibu: na sisi wapo, na sisi wapo, na kwetu pia. Kosa lile lile, mwaka wa mtihani. Tukakusanya namba, tukaweka kwenye jedwali moja, ikapelekwa kwa pamoja kama malalamiko ya vyuo kadhaa na sio ya binti mmoja kutoka Kigoma. Ikarekebishwa kwa mkupuo. Mpaka pale wote tulikuwa tunaambiwa kila mmoja kwa wakati wake kwamba ni uzembe wa mwanafunzi, hajajaza fomu vizuri. Ukiwa peke yako chuoni kwako unaliamini hilo, unamwambia mwenzako mbona hukuwa makini. Mkikaa vyuo vingi pamoja ndo mnagundua kwamba uzembe hauwezi kufanana hivyo.

Hiyo ndo kazi ya chombo cha kitaifa kwa mtazamo wangu, kabla ya matamko, kabla ya kupiga picha na viongozi. Kuona kwamba tatizo lako sio lako peke yako.

Na ukifikiria vizuri utaona kwa nini chombo hicho kinahitajika zaidi sasa kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa ndo chuo kikuu pekee nchini, wanafunzi wakiwa na shida walikuwa wanakutana Revolution Square pale karibu na kafeteria na habari imeshafika Ikulu. Leo kuna Sokoine toka 1984, Chuo Kikuu Huria toka 1992, Mzumbe, SAUT, MUHAS, Ardhi, UDOM ya Dodoma iliyoanza 2007 na ikawa kubwa kupita maelezo, bado vyuo binafsi kila kona. Wanafunzi wametawanyika nchi nzima lakini anayewalipa ni mmoja. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na toka hapo mwanafunzi wa Mbeya, wa Mwanza na wa Mtwara wote wanangoja hela kutoka mlango mmoja. Mlipaji ni mmoja, wadai wametawanyika. Kila chuo kikienda kivyake kinapewa jibu la kivyake. Kwa hiyo hata kama TAHLISO isingekuwepo leo, ingebidi tuianzishe kesho asubuhi.

Lakini historia yetu na vyombo vya wanafunzi ni nzito na nadhani kizazi cha sasa tunaisahau, ngoja niirudie kwa wale ambao hawajawahi kusimuliwa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, maana kwenye mpango ule mhitimu alikuwa anatumikia kwa miezi 18 akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kitu ambacho nakiheshimu mpaka leo. Wengi wa wale vijana baadaye waliruhusiwa kurudi. Ikaja 1971, rais wa DUSO, ndo chama cha wanafunzi cha wakati ule, kijana wa Kikenya anaitwa Symonds Akivaga, akaandika barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo, polisi wa FFU wakaja chuoni na silaha wakamchukua, wanafunzi wakagoma kwa ajili yake na hakuwa hata raia wa nchi hii. Ikaja Machi 1978, safari hii wanafunzi wakaingia barabarani kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge wakati mwananchi wa kawaida hana kitu. Wakafukuzwa tena mamia. Na DUSO ikafutwa.

Baada ya DUSO ikaletwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya mwavuli wa chama tawala. Hapa nawaomba msome taratibu. MUWATA kwa jina ilikuwa ni ya kitaifa, ilikuwa ni muungano, ilikuwa na kila kitu ambacho kwenye karatasi unakitaka, kasoro kimoja, haikuzaliwa na wanafunzi. Ilishushwa kutoka juu. Na matokeo yake wanafunzi hawakuiona kama yao, wakaendelea na manung'uniko yao chini chini mpaka 1990 mgomo ukawa mkubwa na serikali ikakifunga chuo kwa miezi, na ilikuwa ni baada ya vurugu hizo ndo DARUSO ikasimama kama serikali ya wanafunzi inayojitegemea. Kwa hiyo tumeshawahi kuwa na chombo cha kitaifa ambacho wanafunzi hawakihisi. Tunajua kinavyokuwa. Kinakaa vikao, kinatoa salamu, na siku wanafunzi wana shida wanakipita kama hawakioni.

Kuna mfano mwingine wa Afrika Kusini ambao huwa nautumia sana nikiongea na viongozi vijana. Kulikuwa na chama cha kitaifa cha wanafunzi kinaitwa NUSAS, kilikuwa kinapinga ubaguzi, viongozi wake wengi Wazungu wenye nia njema tu. Mwaka 1967 wakafanya mkutano wao mkuu Chuo Kikuu cha Rhodes, na chuo kikakataa wajumbe Waafrika wasilale hosteli pamoja na wenzao, wakatafutiwa pa kulala kanisani kwenye mtaa wa watu weusi. Mkutano ukaendelea. Miongoni mwa wajumbe alikuwepo kijana wa udaktari anaitwa Steve Biko. Miaka miwili baadaye, 1969, SASO ya wanafunzi weusi ilikuwa imeshafunguliwa rasmi kule chuo cha Turfloop na Biko ndo rais wake wa kwanza. Kilichowatoa mle ndani sio kwamba NUSAS walikuwa wanasema maneno mabaya, walikuwa wanasema mazuri sana, ila anayesema na anayeumia walikuwa hawalali sehemu moja. Mimi hilo huwa nalikumbuka kila nikiona picha ya viongozi wa wanafunzi kwenye ukumbi wa hoteli.

Turudi kwetu. Mei 2016 pale UDOM wanafunzi zaidi ya 7,000 wa ile stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliambiwa waondoke chuoni ghafla. Mnakumbuka zile picha, watoto na masanduku na magodoro pembeni ya barabara Dodoma, wengine hawana hata nauli ya kufika kwao. Swali langu siku ile lilikuwa, hawa wanasemewa na nani? Wako chuo kikuu lakini sio wa digrii, wazazi wako mbali, serikali imeshasema neno lake. Ni wakati kama ule ndo unajua kama una chombo au una jina. Au 16 Februari 2018, Akwilina Akwilini wa Chuo cha Usafirishaji, NIT, yuko ndani ya daladala Kinondoni hana habari na mtu, polisi wanatawanya maandamano, risasi ikampata akafa. Nilikuwa nafuatilia sana siku zile na sauti ya wanafunzi iliyokuwa inasikika kwa nguvu ilikuwa ya Abdul Nondo wa TSNP, ambao ni mtandao wa wanafunzi, sio muungano wa serikali za wanafunzi. Mwezi uliofuata Nondo mwenyewe akapotea, akaonekana Mafinga, akashtakiwa kwamba kadanganya, na Novemba mwaka huo mahakama ikamwachia huru. Ninachosema ni kwamba wanafunzi wakihitaji kusemewa watasemewa tu, kama mlango mkubwa umefungwa watatokea dirishani, na anayetokea dirishani hana kinga ya katiba wala ya mkutano mkuu wala ya mtu yeyote.

Najua kuna watakaosema sasa unataka TAHLISO igome, iandamane, ipigwe mabomu ya machozi. Hapana. Mwishoni mwa 2019 viongozi wa DARUSO walitoa tamko la kuipa Bodi saa 72 kumaliza kero za mikopo na tuliona yaliyowakuta, kusimamishwa masomo. Yule ni mtoto wa mtu, kwao wanamtegemea, yuko mwaka wa tatu, umebaki muhula mmoja avae joho. Sitamwambia kiongozi yeyote wa wanafunzi akajitoe kafara wakati mimi nimekaa nyumbani naandika kwa amani. Ila tuwe wakweli kwamba tamko la saa 72 linatoka pale ambapo watu wameona njia ya kawaida haijibu. Kama mwenyekiti wa TAHLISO angekuwa na utaratibu wa kila mwezi, anakaa na Bodi, anatoka na majibu yenye tarehe, anayaweka hadharani vyuo vyote vinasoma, nani angehitaji kutoa saa 72?

Na hapa ndo napolalamikia kwa moyo wangu wote. Tunasikia pongezi. TAHLISO yapongeza hiki, TAHLISO yaunga mkono kile, na mimi sipingi pongezi, bajeti ya mikopo kupanda kutoka bilioni 464 mpaka 570 mwaka 2021/22 ni jambo la kushukuru na nililishukuru. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya unalipa na deni halishuki, Rais Samia alipotangaza kuifuta Mei Mosi 2021 kule Mwanza, kuna watu wazima na familia zao walilia nawajua mimi. Mazuri yasemwe. Lakini mwanafunzi akisikia pongezi tu kila siku na hasikii swali hata moja likiulizwa kwa jina lake, ataamini kwamba hawa wanajitafutia vyeo. Na wengine kweli wanajitafutia, tusifichane. Kila mtu anajua vyama vya siasa vina matawi yake kwa ajili ya wanafunzi, CCM wana Seneti ya vyuo, CHADEMA wana CHASO, na ukiwa kiongozi wa wanafunzi kitaifa unaonekana, unapigiwa simu, unaahidiwa. Mtu kuwa na chama sio dhambi. Dhambi ni kwenda kwenye kikao cha wanafunzi na akili yako iko kwenye ukuu wa wilaya.

Kenya wana mjadala wao unaofanana na huu. Sheria yao ya vyuo vikuu ilibadilishwa 2016, ikawa mwanafunzi hamchagui kiongozi wake moja kwa moja tena, anachagua wajumbe na wajumbe ndo wanachagua. Wengi walilalamika kwamba wajumbe wachache ni rahisi kuwafikia mfukoni kuliko wanafunzi elfu thelathini. Sisi kwenye ngazi ya kitaifa tuko hivyo hivyo siku zote na sioni namna nyingine, huwezi kuitisha uchaguzi wa wanafunzi wote nchi nzima, hela hakuna. Sasa kama uchaguzi lazima upitie kwa wajumbe basi dawa ni mjumbe arudi kusema. Hiyo ndo sehemu iliyokatika. Prezidaa anapanda basi kwenda mkutanoni, nauli na posho zimetoka kwenye ile hela uliyolipa siku ya kujisajili, ipo kwenye joining instraksheni, yale maelekezo ya kujiunga na chuo, pale karibu na bima ya afya na ile hela ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, imeandikwa mchango wa serikali ya wanafunzi, umelipa bila kuuliza. Anakaa huko siku kadhaa. Akirudi anaposti picha amevaa kitambulisho shingoni, "historia imeandikwa", moto moto moto. Kimejadiliwa nini? Hujui. Umekubali nini kwa kinywa chake? Hujui.

Mimi nilishakaa kwenye bunge la wanafunzi tukadai ripoti ya safari kama hiyo na nakumbuka ukumbi ulivyobadilika, watu walikuwa wanasinzia, ghafla kila mtu kaamka, maana kumbe kule mkutanoni kulijadiliwa hela za mafunzo kwa vitendo, na sisi tulikuwa na watu wamepangiwa kwenda field mikoa ya mbali na hawajui watalala wapi. Habari ilikuwepo, ilikuwa kwenye begi la mtu. Ilipotoka tu, watu wa kitivo cha elimu wakasimama na takwimu zao, wakasema mwambieni mwenyekiti wa kitaifa kwamba pango ya chumba Bukoba ni kiasi hiki na Sumbawanga ni kiasi hiki, andikeni. Katibu akaandika. Kwa mara ya kwanza nikaona habari inapanda kutoka kwa mwanafunzi kwenda juu badala ya kungoja ishuke.

Kitu kingine ambacho kinanisumbua ni wale wanaobaki pembeni. Ndugu zetu wa Zanzibar wana bodi yao ya mikopo, kwa hiyo TAHLISO ikiongelea bumu la bara tu kuna mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, anaona hayamhusu. Wenye stashahada nao siku hizi wameanza kupewa mikopo, toka 2023/24, kwenye fani zile za kipaumbele, na wengi wao wako kwenye vyuo ambavyo serikali ya wanafunzi ni dhaifu, haina ofisi, mlezi wa wanafunzi anawapangia hadi ajenda. Alafu kuna wanaosoma jioni wanafanya kazi mchana, kuna wenye ulemavu, kuna wasichana wenye watoto. Hawa wote hawana muda wa kugombea uprezidaa, kwa hiyo mkutano wa maprezidaa kwa asili yake unajaa vijana wa kiume wa mwaka wa pili wenye sauti kubwa. Siwachukii, nilikuwa mmoja wao. Lakini bila kuwatafuta wengine kwa makusudi huwezi kusema unawakilisha wanafunzi.

Mwisho kabisa suala la muda, maana hili halina mchawi. Digrii nyingi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unashangaa, wa pili unagombea, wa tatu unaongoza, umeondoka. Kiongozi wa kitaifa anapoanza kuelewa Bodi inavyofanya kazi, nani anasaini nini, orodha inatoka chuoni inapitia wapi, tayari anaandaa mahafali. Upande wa pili wa meza kuna afisa ambaye yupo kwenye kiti kile miaka kumi na tano. Unadhani nani anamchosha mwenzake? Ndo maana nasema TAHLISO inahitaji makabrasha. Faili. Nani aliahidi nini, tarehe ngapi, mbele ya nani. Yule wa mwaka kesho afungue asome, asianze upya kuulizia jambo ambalo lilishajibiwa toka 2011 bumu lilipokuwa linatoka 5,000 kwenda 7,500.

Kwa hiyo mnaoenda mkutano wa TAHLISO safari hii, wagombea wa uenyekiti watapita kwenye magurupu yenu wakiwaomba kura, naomba muwaulize haya. Hesabu ya elfu kumi kwa siku ilipigwa kwa bei za mwaka gani na umekuja na bei za mwaka gani? Mwanafunzi ambaye namba yake ya kidato cha nne imekosewa arekebishiwe ndani ya siku ngapi, na akiwa anangoja anakula nini? Muhtasari wa kila kikao na Bodi utauweka wapi ili mtu wa Mtwara ausome bila kumwomba mtu? Michango ya vyuo imeingia kiasi gani mwaka jana na imetumikaje? Akijibu "tutalifanyia kazi", mwambieni ataje tarehe, na katibu aiandike hapo hapo.